Masika Niliyokaa Eda

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si la hadithi. Ni daftari la shamba, limepigwa mistari na kikundi chetu cha kilimo hai hapa Kiwangwa: tarehe, kazi iliyofanyika, kilichotiwa shambani, maoni. Kila mwanachama analo lake. Mwezi wa sita mkaguzi Ashrafu huja kulisoma neno kwa neno, kisha hushuka shambani kuangalia kama karatasi na udongo vinasema kitu kimoja. Mimi mwaka huu ndio wa mwisho wa kusubiri. Miaka mitatu bila dawa wala mbolea ya dukani, na mwezi wa sita shamba langu la mananasi linaingizwa kwenye cheti cha kikundi.

Sasa leo niandike nini? Kazi: hakuna. Mume wangu Shuaibu tulimzika wiki mbili zilizopita. Alianguka kwa presha akiwa anavaa viatu vyake vya shamba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mimi niko eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, pazia mlangoni, na mwanamume asiye maharimu wangu hanioni uso. Nitatoka tarehe 25 Juni nikijaaliwa. Masika yote nitayasikia juu ya bati.

Safu ya maoni ni nyembamba kama kamba ya kiatu. Nitaandika hadi pembeni, Ashrafu atanisamehe.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna mvua. Nimefunga, nimelala, nimelia, nimefuturu.

Jumamosi, 15 Machi

Mwanvita kaja na uji wa futari. Huyu ndiye shoga yangu na ndiye jirani yangu wa shamba. Matuta yake yako chini ya yangu, maji yakishuka kwangu yanaingia kwake. Anasema matandazo yangu bado mazito, majani ya mikorosho yamelala vizuri kati ya mistari, na kunde nilizopanda zimetambaa. Nilimwuliza kama minyoo wapo. Akacheka, akasema mwenzangu umefiwa na unauliza habari za minyoo.

Nauliza kwa sababu zamani hawakuwapo. Shamba hili nililikuta mchanga mweupe. Baba mkwe alilichoma kila mwaka, akalipiga dawa ya magugu kila masika, na mwisho nanasi likawa linatoka la kukaa kiganjani, chungu, na mvua ikinyesha udongo unashuka na mvua. Nilipojiunga na kikundi nikasema hatuchomi tena, hatupigi tena, Shuaibu alinicheka mbele za watu. Aliniita Bibi Takataka, kwa sababu nilikuwa naokota majani ya mikorosho kwa watu na kuyabeba kwa viroba. Mwaka wa pili akaacha kucheka. Siku moja alichimba shimo la kigingi akakuta mnyoo mnene, akaja naye nyumbani amemweka kwenye kopo kunionyesha. Tangu siku ile viroba alibeba yeye.

Sijaandika kazi. Kazi: hakuna.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza, alasiri, nusu saa. Harufu imeingia mpaka ndani. Bi Sikuzani, mama mkwe wangu, amekaa kizingitini akiiangalia. Shuaibu alikuwa mwanawe wa kwanza. Anaye mwingine mmoja tu, Mwinyimvua, ambaye mimi tangu nimeolewa nimemjua kuwa mvivu wa kutupwa.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Watu wamekuja kunipa mkono wa Idd na mkono wa pole kwa pamoja. Mvua kutwa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya tisa. Mwanvita anasema kwake hajamaliza palizi, na kwangu magugu yamefika magotini, kunde zimezama, vichwa vya mananasi vinaonekana kwa mbali tu. Kikundi walikuja siku moja wakanipalilia matuta sita, mvua ikawafukuza, na kila mmoja ana magugu yake. Vibarua wamechukuliwa na mashamba makubwa. Palizi yetu ni ya jembe na mkono, haina njia ya mkato, na mikono yangu yote miwili iko hapa inahesabu tasbihi.

Nimemtuma Mwanvita kwa Mwalimu Najim wa madrasa akamwulize: mjane anaweza kutoka mchana, kwa haja, akiwa amejistiri, akarudi kabla ya magharibi? Shamba ni umbali wa kuita mtu akasikia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu Najim kajibu. Inajuzu, kwa haja ya kweli, mchana tu. Nimefurahi mpaka nikaona haya kufurahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilifunga khanga kiunoni nikamwambia mama mkwe nakwenda kupalilia, Mwalimu karuhusu. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu kasema inajuzu," alisema. "Hakusema ni lazima."

Nikamweleza habari ya mkaguzi, cheti, miaka mitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kweli alinisikiliza. Halafu akasema kwao mke haonekani shambani na udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Watu hawatauliza Mwalimu kasema nini, watasema Shuaibu amekufa na mkewe amekumbuka mananasi. Akaniomba. Hakuniamrisha, aliniomba, na machozi yalimdondokea kwenye mchicha. Angeniamrisha ningebishana naye.

Nimefungua khanga. Hasira niliyonayo sijui niielekeze kwa nani.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwinyimvua kaja kunijulia hali. Alikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Akasema amepita shambani ameona hali, na haifai. Akasema magugu nimwachie yeye, atayashughulikia. Nimemshukuru sana, nikamwambia shemeji, fanya utakavyoona inafaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Ukuta wa jikoni umelowa mpaka katikati.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua siku mbili mfululizo. Mama mkwe kaanika magodoro. Mwinyimvua hajaonekana, na nilianza kusema moyoni, haya, si nilisema.

Ijumaa, 2 Mei

Leo wamekuja wanawake wa msikitini kunisomea dua, na kila aliyeingia anasifu. Shamba la marehemu safi, mashallah, hakuna jani. Mwinyimvua kalishika peke yake, siku nne. Mmoja kasema mdogo wa marehemu kumbe ni mtu. Mama mkwe alikuwa anaangalia chini, lakini nilimwona anavyofurahi. Mwanawe huyo hakuwahi kusifiwa mbele ya kadamnasi.

Na mimi nimelia kwa haya. Miaka kumi na tisa namwita mvivu. Nimeandika kwenye safu ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu Machi, kwa hati nzuri: palizi, shamba zima, Mwinyimvua.

Nilijiuliza siku nne zilitoshaje. Nikajibu kwamba mtu akiwa na uchungu wa ndugu yake anafanya kazi ya watu kumi.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika yote na Ashrafu akitaka kuchana ukurasa achane.

Mwanvita kaja saa nne asubuhi. Hakubisha hodi, aliingia moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Mkononi alikuwa na mche wa kunde. Nilidhani kaniletea mboga. Akaniwekea mapajani. Majani yalikuwa ya njano kuanzia katikati, yamekunjamana, na shina limelegea kama kamba iliyolowa, ila mizizi mizima. Kitu kilichong'olewa hakifi namna ile. Mimi ni mtoto wa mkulima, nilijua kabla hajafungua mdomo, lakini nikamwuliza hivyo hivyo, ni ukungu?

Akasema si ukungu. Mwinyimvua aliazima bomba la mgongoni, akaenda duka la pembejeo, akapiga dawa ya magugu shamba zima. Alipiga kwa uangalifu, mstari kwa mstari, akiinamisha mdomo wa bomba lisiguse nanasi. Siku nne, jua kali, kitambaa puani. Kunde zote zimekufa. Nyasi zimekauka zimelala juu ya matandazo, ndiyo maana shamba linaonekana safi.

Niliuweka ule mche sakafuni. Kilichonijia kwanza ni sauti yangu mwenyewe nyuma ya pazia: fanya utakavyoona inafaa. Hayo ni maneno ya adabu. Ndivyo anavyojibiwa shemeji aliyekuja kukusaidia msibani. Humpi mtu kama huyo masharti. Ningesema tu, shemeji, kwa jembe. Maneno mawili. Nilikuwa na kinywa, na pazia si ukuta. Lakini mjane wa wiki nane kumfundisha mdogo wa mumewe namna ya kulima shamba la baba yake, nani angenielewa? Nikasema maneno mazuri, na yeye akayachukua kama yalivyo.

Simlaumu. Natafuta pa kumlaumu sipaoni. Yeye anachojua ni alichofundishwa na baba yake: magugu huuliwa kwa dawa. Wakati mimi na Shuaibu tunahangaika na viroba yeye alikuwa anachoma mkaa huko Kerege, amerudi kwa ajili ya msiba. Hakuna aliyemweleza.

Mwanvita akanishika mikono. Alinibana mpaka vidole vikauma. Kwanza nilidhani ni kwa ajili yangu. Kumbe matuta yake manne ya mpakani yanapokea maji yanayotoka kwangu, na mvua imenyesha tangu jana. Mkaguzi akijua, na yake yatahesabiwa yamepigwa dawa.

"Andika palizi," aliniambia. "Shoga, tayari umeandika. Acha hivyo hivyo. Nani atajua?"

Nikamwambia wanachukua majani kwenda kupima. Akasema hawapimi kila shamba, wanachagua. Nikamwambia wakichagua langu? Tuko kumi na tisa kwenye cheti kimoja. Ikionekana dawa iliyofichwa wanafukuzwa wote kumi na tisa. Akasema najua. Halafu akasema tena, kwa sauti ndogo, andika palizi.

Ametoka bila kuniaga. Nimempenda mtu yule tangu darasa la tatu, na leo nimemwona jinsi alivyo akiwa na hofu. Pengine na yeye kaniona.

Minyoo sijui wako wapi. Sikumwuliza.

Jumatatu, 5 Mei

Safu ya kilichotiwa shambani nimeiacha wazi.

Jumatano, 7 Mei

Wazi. Mvua.

Jumapili, 11 Mei

Mwinyimvua kaja tena, na wazee wawili wa msikitini. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri: nitamwambia kwa upole, nitamwambia shukrani kwanza. Nikaanza, shemeji, ile dawa. Akanikatiza papo hapo. Alidhani nataka kumrudishia gharama. Akasema shemeji usinivunjie heshima, Shuaibu alinilea, na mimi sina kitu kingine cha kumfanyia. Wazee wakaitikia, wakamwombea dua, wakaniombea na mimi. Nikaitikia amin.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua kubwa toka usiku. Nimesikia maji yanavyopita nyuma ya nyumba. Kunde ndizo zilizokuwa zinashika udongo ule wa mteremko. Nimekaa na mikono masikioni kama mtoto.

Jumanne, 20 Mei

Mama mkwe kaenda kuangalia kwa sababu nilimwomba. Amerudi na tope miguuni mpaka vifundoni. Anasema kuna mfereji mpya katikati ya shamba, mtu anaweza kulala ndani yake. Udongo wangu wa juu, mweusi, uko barabarani, magari yanaukanyaga. Kaniuliza, kwani zamani maji hayakuwa yanapita? Nikamwambia zamani yalikuwa yanapita kila mwaka, ndiyo maana nanasi lilikuwa kiganjani. Akaitazama miguu yake. Nadhani leo ndiyo mara ya kwanza amenielewa, na haina msaada wowote.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Nyama tumeletewa na majirani. Nikashangaa, maana Mwinyimvua alikuwa na beberu wake mmoja, mweupe, alimfuga mwaka mzima huko Kerege kwa ajili ya siku ya leo, kwa nia ya baba yao. Nikamwuliza mama mkwe beberu yuko wapi.

Alimuuza Aprili. Fedha yake ndiyo iliyonunua dawa.

Sikula nyama. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeandika. Nimekata neno palizi kwa mstari mmoja, lisomeke, na kwenye safu ya kilichotiwa shambani nimeandika dawa ya magugu, shamba zima, siku nne za mwisho wa Aprili. Jina la aliyepiga nimeliacha palepale maana nililiandika mwenyewe kwa fahari. Nilidhani nitasikia nafuu. Sikusikia kitu.

Sikuandika kwa wema. Nimeandika kwa sababu wenzangu kumi na wanane hawakukosa kitu, na kwa sababu udongo wenyewe unajua.

Jumatano, 25 Juni

Nimetoka eda. Nimeoga, wamenisomea, nimevaa khanga ya rangi, macho yameniuma kwa jua. Wengine wakitoka huenda kwanza kwa ndugu zao. Mimi nilikwenda shambani, na mama mkwe alinifuata nyuma.

Ni safi, hawakusema uongo. Ni safi kama uwanja wa shule. Mananasi yamesimama, yatazaa mwaka huu, mtu asiyejua atasema hakuna kilichoharibika. Nilipiga magoti nikafukua kwa mkono, sehemu tano. Udongo umeshikana juu kama ukoko wa wali, chini mchanga. Sikuona mnyoo hata mmoja. Huenda wamekwenda chini, watarudi. Mama mkwe alipiga magoti karibu yangu akafukua na yeye, bila kujua anatafuta nini.

Jumamosi, 28 Juni

Ashrafu kafika saa tatu na pikipiki yake. Kijana mpole, ananiamkia shikamoo mama Samia, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Chalinze. Alinipa pole ya msiba, akauliza kama niko tayari asome. Nikampa daftari. Alikaa juu ya tuta akasoma ukurasa wa tarehe 4 Mei, akarudia. Nilidhani ataniambia nichane. Alipomaliza alijifuta uso kwa kiganja.

Akasema ningenyamaza asingejua leo, kwa kuangalia tu. Akasema pia kwamba sampuli za mwaka huu zimechaguliwa tayari, na shamba langu lilikuwamo. Ningenyamaza ningewaunguza wenzangu wote. Kisha akafungua fomu yake akaandika kile ambacho sheria inamtaka aandike. Kusubiri upya miaka mitatu, kuanzia siku ya mwisho ya dawa. Matuta manne ya Mwanvita yametengwa. Mwanvita alikuwa kwake, kwenye mpaka, ametugeuzia mgongo.

Nikatia sahihi. Ashrafu alikuwa anakunja karatasi pale Mwinyimvua alipotokea. Alikuwa amevaa kanzu safi kwa ajili ya mgeni, na amebeba mananasi mawili makubwa, ameyachagua mwenyewe, aonje. Alimsalimia Ashrafu kwa mikono miwili. Akauliza kama mgeni ameridhika na shamba. Ashrafu akaniangalia, na mimi nikasema ameridhika, shemeji. Ndivyo kilivyotoka kinywani.

Akafurahi. Sijamwona amefurahi tangu tumezika. Akasema basi bomba bado hajalirudisha kwa mwenyewe, na kopo la dawa limebaki nusu. Akiona majani ya kwanza tu anarudia, nisihangaike, shamba hili halitaota kitu akiwa hai.

Mpaka hapo nilikuwa nimevumilia. Lakini nikaona miaka mitatu mingine, na mitatu baada ya hiyo, na yeye na bomba lake na mapenzi yake. Sasa hapakuwa na pazia. Nilimwangalia usoni nikamwambia yote, polepole, bila kumwacha anikatize: dawa ile ndiyo iliyoliangusha shamba, ndiyo iliyoua kunde, na maji yamechukua udongo kwa sababu hiyo. Ashrafu akaenda kusimama karibu na pikipiki yake.

Mwinyimvua hakubisha. Aliuliza moja tu.

"Shuaibu alikuwa analijua jambo hili?"

"Alikuwa analijua."

"Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Hakuwahi kuniambia," alisema. "Nilikuwa nakuja kila Idd, tunakaa, tunakula. Hakuwahi kuniambia analima vipi."

Aliweka mananasi chini, taratibu, kama mtu anayeweka mayai, akaondoka na kanzu yake akifuata ule mfereji. Nilimwita mara mbili. Ashrafu naye akaondoka, mananasi hakuyachukua, na mimi sikuweza kuyagusa.

Magharibi Mwinyimvua hakuja kula. Isha hakuonekana msikitini, na kwenye chumba cha jirani alichofikia tangu msiba nguo zake hazipo. Mama mkwe amekaa na sinia la chakula mbele yake, limefunikwa kawa. Ameniuliza nimemwambia nini mwanawe aliyebaki.